Tepu Iliyorefuka

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu wa chumba cha kukatia amestaafu. Hakuaga. Wiki iliyopita alianguka juu ya meza, mkasi mkononi, presha, na leo mwanawe amekuja kuchukua kikombe chake na miwani. Nilisikitika sana. Nilisikitika mpaka saa nne hivi. Baada ya saa nne nikaanza kukitazama kiti chake.

Wanaokifaa ni wawili tu. Mimi, miaka kumi na tisa nikikata sare za shule, za wauguzi na za walinzi. Na Penseli, miaka kumi na mmoja. Tunamwita Penseli kwa sababu ya penseli iliyo sikioni, na pia kwa sababu ya umbo. Ana chupa ya maji ya bluu, lita tatu nzima, anainyonya kutwa kama ndama. Halafu kila saa anakwenda chooni. Hana haya! Choo kiko ng'ambo ya ua, na huwezi kukifikia bila kupita mbele ya mafundi cherehani, wanawake kumi na wanane na midomo yao. Mwaka juzi nilikwenda mara tatu kwa siku moja, wakanihesabia kwa kuimba. Tangu siku ile ninakwenda asubuhi kabla hawajafika na jioni wakishaondoka. Maji sinywi kazini. Kiu ikinizidi, soda. Soda ni ya kistaarabu, haimwamrishi mtu.

Mama Mwenye Karakana ametutolea sharti. Hataki mtu mwingine aanguke juu ya kitambaa chake. Anayetaka kiti alete cheti cha zahanati, vipimo vitano: tumbo, presha, sukari, na mafuta ya damu ya aina mbili, mabaya na mazuri. Ukishindwa viwili unasamehewa. Ukishindwa vitatu, kaa meza yako.

Tumbo la mwanamume lisizidi sentimita mia moja na mbili.

Nimejipima chumbani, mlango nimefunga. Mia moja na sita. Nimevuta pumzi ndani. Mia moja na sita. Nimeinua mikono kama anayetekwa. Mia moja na sita! Halafu, kwa kukata tamaa tu, nikachukua tepu yangu ya zamani, ile ya kitambaa niliyoivaa shingoni tangu siku yangu ya kwanza ya kazi. Mia moja na moja na nusu.

Kila fundi anajua: tepu ya kitambaa ikivutwa miaka mingi hurefuka, ikawa inasema uongo, na ndiyo maana tunaitupa. Yangu sikuitupa. Nilikuwa sijui kwa nini. Sasa najua.

Ubavu wa kushoto unachoma kidogo. Ni kiti.


Jumanne, 4 Juni

Zahanati saa moja asubuhi, tumbo tupu. Mimi wa kwanza. Penseli wa pili, na chupa yake mapajani.

Muuguzi ni mama mnene, mcheshi, anamwita kila mtu mwanangu, hata wenye mvi. Presha: 138 kwa 88. Imeshindwa. Sukari: 6.4. Imeshindwa. Damu ya mafuta akaichukua, majibu mchana. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa tepu ya plastiki.

Hapo nikaanza. Nikamweleza kwa heshima kwamba mimi ni mtu wa vipimo, kwamba plastiki ni baridi, kwamba namba zake zimefifia kati ya tisini na mia. Nikatoa yangu mfukoni. Akacheka, akasema haya, tumia yako, usije ukasema nimekuonea. Nikasimama wima kama mlingoti. Akasoma mia moja na moja na nusu. Akanipiga begani: "Umeponea chupuchupu, mwanangu!"

Penseli alikuwa anatutazama kutoka kwenye benchi, kichwa ameinamisha upande. Anywe maji yake.

Mchana majibu: mafuta yote mawili yamepita, sijui kwa huruma ya nani. Nimeshindwa viwili tu! Penseli kapita vitano, kama nilivyotarajia, maana mtu ambaye hana tumbo utalipima wapi. Lakini Mama Mwenye Karakana amesema tukiwa na vyeti wote ataangalia ukongwe. Kumi na tisa dhidi ya kumi na moja! Daktari atatia sahihi wiki ijayo.

Nilirudi karakana na tepu yangu shingoni kama nishani. Kulikuwa na suruali sitini za walinzi zinasubiri kiolezo. Nilikichora chote mchana huo huo, kiuno, nyonga, urefu, bila kufuta hata mstari mmoja. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna hii. Kesho tunakata.


Jumatano, 5 Juni

Nimefedheheka. Niandike kwa mpangilio.

Saa nne na nusu, nilikuwa nimekata tabaka la mwisho la suruali. Ule moto wa ubavuni ukageuka kisu. Kutoka mgongoni, ukazunguka kiunoni, ukashuka mahali ambapo sitapaandika. Nikainama. Penseli akauliza kulikoni. Nikamwambia natafuta pini. Nikaendelea kuitafuta kwa magoti, halafu kwa ubavu, halafu nikaitafuta chali juu ya rundo la mabaki ya vitambaa huku nikilia. Fundi mmoja wa cherehani akaja mlangoni, akawaita wenzake waje waone, fundi mkuu mtarajiwa anazaa. Wakaja wote kumi na wanane.

Penseli ndiye aliyenibeba. Lile jitu jembamba! Alinipakia kwenye gari la kupeleka sare, nikatapika juu ya kofia za walinzi.

Daktari ni binti, angeweza kuwa mwanangu. Amenichoma sindano, amenipaka ute baridi tumboni, akanionyesha kwenye kioo cha mashine: jiwe, kwenye mrija unaotoka figo la kushoto. Milimita tano. Nikamwambia mimi sijala jiwe lolote. Akaniuliza nanywa maji kiasi gani kwa siku. Nikamwambia inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikashindwa kumwambia kwamba inategemea wanawake kumi na wanane.

Akafungua karatasi yangu ya jana. Akaangalia namba ya tumbo. Akaliangalia tumbo. Akairudia karatasi.

Nikamwuliza, kwa ukali kidogo, tumbo lina uhusiano gani na figo, si ni vyumba viwili tofauti? Akavuta kiti. Akasema yale mambo matano ya cheti hutembea pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Matatu yakikutana kwa mtu mmoja, madaktari wana jina lake refu la kitaalamu, na watu hudhani hatari yake ni moyo peke yake. Kumbe na figo limo. Mafuta ya tumboni yanaufanya mwili usiitii ile homoni inayosimamia sukari, na figo nalo likichanganyikiwa linatoa mkojo mchachu kupita kiasi. Ndani ya mkojo mchachu kuna chumvichumvi isiyotaka kuyeyuka, inatuama kama sukari chini ya kikombe, na kwa mtu asiyekunywa maji inaganda. Ndiyo jiwe. Na mwenye matatu hupata mawe zaidi ya mwenye mawili, na mwenye manne zaidi ya mwenye matatu.

Akasema figo langu limeanza kuvimba. Hili jiwe linaweza kutoka lenyewe, lakini nikiendelea hivi litakuja jingine, na siku moja litaziba na figo life, nibaki na moja. Kwa hiyo anahitaji kujua anatibu mtu wa aina gani. Mwenye mawili atampa dawa ya maumivu na kumhimiza maji. Mwenye matatu itabidi wabadilishe maisha, na pengine amwongezee na dawa ya kuupunguza huo uchachu.

Akaniuliza, kwa upole ambao sikuustahili: hiki kipimo cha tumbo, baba, ni sahihi?

Nikasema sahihi kabisa. Mimi ni mtu wa vipimo.

Nimepewa masharti. Lita tatu za maji kwa siku. Kila nikienda haja ndogo, niichuje, nilikamate jiwe, nimpelekee Jumanne alipime. Nikamwomba sana karakana isijue. Mke wangu nimemwambia ni msuli.


Alhamisi, 6 Juni

Likizo ya ugonjwa. Mke wangu yuko dukani kwake, anauza madaftari. Nyumbani tuko wawili: mimi na mama mkwe, ambaye amekuja kukaa nasi mwezi mzima. Mama mkwe alifundisha darasa la nne miaka thelathini. Anasema hakuna mtoto aliyewahi kumdanganya. Huwa anaitikia kwa kichwa tu na kukuacha umalize.

Suala la chujio. Mtu mwenye ufundi hanunui kitu anachoweza kushona. Nikashona kimfuko kizuri cha kitambaa cha bitana, na waya mdomoni, na kishikio. Nikaenda nacho chooni. Bitana haipitishi kitu! Ilijaa, ikafurika, ikanimwagikia viatuni. Nikavua soksi, nikatoka pekupeku. Mama mkwe akaniuliza bomba limepasuka? Nikamwambia limepasuka lakini nimeliziba.

Maji lita tatu hayangojei mtu. Baada ya dakika ishirini, yakaanza tena. Nikapita jikoni mbio. Ukutani, kwenye msumari, lilikuwa limening'inia chujio la chai.

Sitaki kueleza. Nililiosha kwa sabuni mara tatu, kwa maji ya moto mara mbili, nikalirudisha kwenye msumari wake. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni na birika. Akaniangalia. Akaliangalia chujio linavyodondosha maji. Akauliza kama najisikia vizuri. Nikamwambia nimeamua kumsaidia kazi za jikoni.

Akaitikia kwa kichwa.

Saa kumi alichemsha chai. Niliisikia kutoka chumbani ikimiminwa. Nilijifunika shuka mpaka kichwani.


Jumamosi, 8 Juni

Siku tatu nimetumia chujio lile mara arobaini na moja. Nimeweka hesabu. Kila mara naliosha mpaka vidole vimekunjamana. Ila dhamiri haioshwi na sabuni ya vyombo.

Leo nikapata mpango mzuri. Nikanunua chujio jipya la chai, linang'aa, nikalileta kama zawadi kwa mama mkwe. La zamani nikalificha nyuma ya ndoo chooni. Akashukuru sana. Akasema mkwe mwenye kumfikiria mama ni baraka. Nikajisikia nimezaliwa upya.

Baada ya nusu saa nikamwona anatoka uani, la zamani mkononi. Amelikuta wakati anasafisha! Nikamwambia tulitupe, limechoka. Akasema hapana mwanangu, hili limezoea majani, chai inakuwa na ladha yake. Akalitundika.

Nikatangaza kwamba nimeacha chai. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini, mimi nilivyo na vikombe vyangu vitano. Mama mkwe hakucheka. Alisema mgonjwa hawezi kuachwa hivihivi bila kitu cha moto. Akaniletea kikombe mwenyewe, kimefunikwa kisahani, akasimama pale mpaka nikaona chini ya kikombe.

Nilikunywa. Ningefanyaje? Ni mama mkwe.


Jumapili, 9 Juni

LIMETOKA!

Saa tatu asubuhi. Kisu cha mwisho, nikauma taulo, halafu sauti ndogo juu ya waya wa chujio: ti. Ni kajiwe. Kadogo kama punje ya mchele iliyovunjika, ka rangi ya kahawia, kenye miba. Hiki ndicho kilichonilaza mbele ya wanawake kumi na wanane! Nilikiweka kiganjani nikakitazama muda mrefu. Naona aibu kuandika kwamba nilijivunia.

Mlango ukagongwa. Mama mkwe anatafuta chujio, wageni wa kutoka ibada wamefika, maji yamechemka. Nilikuwa nalo mkononi. Nikasema kutoka ndani sijaliona. Akasema sawa. Akasema tena, kwa sauti ileile aliyofundishia darasa la nne: "Ukiliona, mwanangu, liache hukohuko."

Nadhani alimaanisha nisihangaike. Ana huruma sana mama yule.

Jiwe nimeliweka kwenye kikopo cha vifungo. Kesho narudi kazini. Keshokutwa daktari, sahihi, kiti.


Jumatatu, 10 Juni

Suruali zimerudi. Zote sitini.

Kampuni ya walinzi imezirudisha na barua. Walinzi wamezivaa Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo mlinzi mmoja alikimbiza mwizi, suruali ikamshuka, mwizi akasimama kumcheka. Mama Mwenye Karakana aliisoma barua ile mbele yetu sote, mafundi cherehani wote wamesimamisha cherehani wasikilize. Akauliza nani amechora. Nikatamani ardhi ipasuke.

Penseli akakileta kiolezo, akakipima. Kiuno kinachoandikwa tisini: kina tisini na nne. Urefu umezidi, nyonga zimezidi, kila kitu kimezidi kwa uwiano uleule. Akafikiri. Akasema kiolezo hakina kosa, ila kimechorwa na tepu mbovu. Akanyoosha mkono. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaivua shingoni nikampa.

Akailaza juu ya meza, yake akailaza pembeni. Wote wakasogea. Mia moja ya kwangu ilikuwa inalala kwenye mia moja na nne na nusu ya kwake. Halafu nikaona kwenye uso wa Penseli kile nilichokuwa nakiogopa: alikuwa anafanya hesabu. Aliniangalia tumboni. Akaniangalia usoni. Alikuwepo zahanati! Aliona kila kitu kutoka kwenye benchi!

Mama Mwenye Karakana akauliza anawaza nini.

Penseli akasema anawaza tu kwamba tepu ni ya zamani, imechoka, jambo linaweza kumtokea fundi yeyote. Akajitolea tuzipunguze suruali wawili, baada ya kazi.

Afadhali angenitangaza. Ningemchukia nikapumzika.

Tulikaa kwenye zile suruali mpaka jua linazama. Nilifumua, akapunguza. Mwisho akasema, bila kuniangalia: "Kaka, mimi jiwe lilinitoka mwaka juzi. La upande wa kulia. Unadhani hii chupa nainywa kwa raha?" Akaisukuma juu ya meza. Miaka miwili nimeicheka chupa ile! Nimewahi hata kumfananisha mwenyewe na ndama, iko huko nyuma, nimeiona sasa hivi nilipopekua. Akasema wale kina mama wanamhesabia na yeye. Wamemtungia wimbo wenye beti nne. Amezoea, ubeti wa tatu anaupenda.

Nikanywa. Nikalia kidogo. Nikamwambia ni pamba za kitambaa zimeniingia machoni.

Nimeamua. Kesho namwambia daktari ukweli wote.


Jumanne, 11 Juni

Nilikwenda na kikopo cha vifungo. Mke wangu akang'ang'ania kunisindikiza, msuli gani huu wa kwenda kwa daktari na vifungo? Njiani nikamwambia jiwe. La chujio nikalibakiza.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kukiri. Sikuwahi kuianza. Muuguzi aliingia na tepu ya plastiki, mpya, ya njano, akanizungushia kabla sijafungua mdomo. "Mia moja na sita! Mwanangu, wiki moja tu, umekula nini?" Mke wangu akanigeukia. Daktari akaweka kalamu chini. Nikasema yote kwa pumzi moja, tepu, miaka kumi na tisa, kiti. Nilikuwa naiongelesha sakafu.

Daktari hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kujificha. Alisema tu kwamba ile namba sikumdanganya yeye, nililidanganya figo langu, na figo halina cheti cha kunipa. Akafuta mawili, akaandika matatu. Jiwe, alivyoliona, ni lile la uchachu, ila litakwenda maabara. Nimeandikiwa dawa, maji, kutembea kila siku, maini basi, soda basi. Kipimo kinachofuata ni tarehe 10 Septemba. Tumbo likiwa chini ya mia moja na mbili, atatia sahihi. Mpaka hapo, kwa agizo la Mama Mwenye Karakana, Penseli anakaimu kiti.

Kisha akauliza jiwe nililikamata kwa kutumia nini. Nikatazama dirishani. Mke wangu ni binti wa mama yake. Aliitikia kwa kichwa, akasubiri nimalize, nikamaliza.

Njia nzima alitembea mbele yangu. Nyumbani akanisimamisha mbele ya mama mkwe kama mwanafunzi, akasema mwambie. Nikapiga magoti. Nikasema, mama, unisamehe, chai yote uliyokunywa tangu Alhamisi.

Mama mkwe akaendelea kukunja kanga yake. Akasema, chai ipi? Alhamisi ileile aliniona natoka chooni na chujio, akaenda kwa jirani akaazima la kwake, analo sandukuni. Yeye, binti yake na wageni wote wametumia la jirani, kisha lile jipya la zawadi. Lile la ukutani lilichuja chai ya mtu mmoja tu.

Nikafikiri sana ni mtu gani.

Akasema alikuwa ananipa nafasi ya kusema mwenyewe. Kila kikombe ilikuwa nafasi. Nimehesabu: vikombe vitano.

Nimelala sebuleni.


Jumamosi, 15 Juni

Mtu mpya. Naandika hivi nikimaanisha. Aibu imenifundisha kuliko shule.

Jumatano nilikunywa maji lita tatu kazini, nikapita mbele ya kina mama mara saba. Wimbo wangu una beti mbili tayari. Alhamisi lita mbili. Jana moja na nusu, kwa sababu kulikuwa na kazi nyingi. Leo asubuhi nilinunua soda, ila ndogo, na nikaibakiza kidogo chini. Kutembea nitaanza Jumatatu, wiki ikianza vizuri.

Penseli anakaimu kwa adabu. Kiti hakikalii, amekiwekea kitambaa juu, anasema kinanisubiri. Nimeguswa mno. Lazima nikipate kiti kile, angalau kwa ajili ya heshima aliyonipa.

Basi nikatafakari juu ya tarehe 10 Septemba. Daktari anataka sentimita nne na ushee. Muuguzi anatumia tepu ya njano yenye ncha za bati. Nimezunguka maduka matano, la sita nikaipata: njano ileile, ncha zilezile za bati, lakini ya kitambaa. Mtu hawezi kuzitofautisha mpaka azishike pamoja, na mtoto wa meza wa yule mama hafungwi kwa ufunguo.

Nimeitundika nyuma ya mlango wa chumba, na chini yake nimefunga pasi ile nzito ya chuma. Naipima kila asubuhi. Siku tatu, milimita mbili! Kwa mwendo huu, kufikia Septemba itakuwa imeongezeka vizuri sana, na mimi nitakuwa nimepungua bila kujitesa.

Mama mkwe ameiona. Akauliza pasi inafanya nini pale. Nikamwambia inapigwa upepo.

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kuniletea chai.

Ubavu wa kulia unachoma kidogo. Ni kochi la sebuleni.